Barua ya wazi kwa wanaosimamia utafiti wa afya: wazee wetu walitoa damu, majibu yao yako wapi?

Kwa Waheshimiwa wote mnaosimamia utafiti wa afya Tanzania: mnaotoa vibali, mnaokaa kwenye kamati za maadili, mnaogawa fedha za utafiti, na nyie madaktari na maprofesa mnaoongoza miradi.

YAH: UTAFITI WA UBONGO, UZEE NA KINGA YA MWILI, NA HAKI YA WAZEE WALIOSHIRIKI

Shikamooni wakubwa zangu, na wale wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kijiji ambacho sitakitaja, maana nikikitaja mradi wenyewe utajulikana na mimi sijaja kumchafua mtu, nimekuja kudai kitu. Miaka kadhaa nyuma ulikuja mradi wa utafiti kwetu, wakawa wanatafuta wazee wa miaka 60 kwenda juu, wawapime kumbukumbu, wawatoe damu, waangalie kinga ya mwili inavyozeeka na inahusiana vipi na ubongo kuzeeka. Mimi ndo niliyewapeleka nyumba kwa nyumba, kwa sababu mgeni hawezi tu kuingia kwa mzee wa watu akamwambia nipe mkono nikutoe damu. Wazee walikubali kwa kuniona mimi. Nilikaa nao nikawasomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, wasiojua kusoma wakaweka dole gumba, na kwenye ile fomu imeandikwa kabisa kwamba matokeo yatarudishwa kwa jamii.

Hayajarudi. Nimepiga simu kwenye ile namba iliyoandikwa chini ya fomu, haipatikani. Nimeandikia taasisi iliyowaleta, nakala nikapeleka wilayani, nikaambiwa suala langu limepokelewa nisubiri, na nimesubiri mpaka baadhi ya wazee waliotoa damu tumeshawazika. Ndo maana leo naandika hadharani. Naomba mnisome mpaka mwisho, haya mambo yangu nimeyapanga kwa namba.

1. Majibu hayarudi, na hii ni kuvunja ahadi.

Kuna Azimio la Helsinki, ambalo chama cha madaktari duniani kilipitisha mara ya kwanza 1964 na kikalirekebisha tena mwezi wa 10 mwaka 2024. Linasema waziwazi kwamba kila mshiriki wa utafiti apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Hicho ndo kiwango ambacho kamati zenu za maadili zinakitaja kila siku, kwa hiyo sidai kitu kigeni.

Na hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna matokeo ya utafiti mzima, yaani tuliwapima watu wangapi, tumekuta nini, hilo lingesemwa kwenye mkutano wa kijiji kwa saa moja likaisha. Alafu kuna kilichoonekana kwa mzee mmoja mmoja, na hiki ndo kinaniuma zaidi. Mzee alipimwa presha ikasoma juu, ikaandikwa kwenye kishikwambi. Mzee akaulizwa huu ni mwezi gani akashindwa, akaambiwa taja majina ya wanyama wakamwishia baada ya wawili, nayo ikaandikwa kwenye kishikwambi. Mtu aliyeona hayo aliyajua kwamba ni dalili, ndo kazi aliyosomea, na bado familia haikuambiwa mpelekeni kliniki. Presha ya muda mrefu isiyotibiwa inaharibu mishipa ya ubongo na inaongeza hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hili halina ubishi kwa mtaalamu yeyote, sasa inakuwaje mnamuona mzee ana presha kwenye utafiti wa ubongo alafu mnamwacha nayo?

Bibi mmoja kila nikipita kwake ananiuliza, mwanangu, damu yangu ilisemaje? Sina cha kumjibu. Na siku mkija na mradi mwingine, hata uwe mzuri kiasi gani, mkono ule hamtaupata tena kirahisi.

2. Sayansi yenyewe inasonga mbele kwa kasi, na inagusa wazee wetu moja kwa moja.

Naombeni mniruhusu nieleze kidogo, kwa sababu wengi watakaosoma hapa hawajui kinga ya mwili inaingiaje kwenye mambo ya kusahau. Ndani ya ubongo kuna seli za kinga zinazokaa humohumo zinaitwa maikroglia, alizieleza daktari mmoja wa Hispania, Pío del Río-Hortega, mwaka 1919. Kazi yake ni kusafisha mabaki, kumeza vijidudu, na kukata viungio vya neva visivyohitajika. Mtu akizeeka hizi seli zinaweza kubaki zimewashwa muda wote hata kama hakuna mdudu wa kupigana nae, na zikikaa hivyo zinaanza kuumiza neva zilezile zilizokuwa zinazilinda. Upande wa mwili napo, tezi ya thaimasi inayofundisha seli za kinga inaanza kusinyaa tangu ujanani, kwa hiyo mzee anakuwa na askari wachache wapya, huku virusi alivyovipata utotoni bado vimelala mwilini vinasubiri.

Kimojawapo ni kile cha tetekuwanga. Mtoto anaugua, anapona, lakini kirusi kinajificha kwenye mizizi ya neva miaka na miaka, kinga ikishuka kinaamka kinatoka kama mkanda wa jeshi. Kila mtu anaeujua mkanda wa jeshi anajua yale maumivu, na huku kwetu mzee akiupata anaficha mpaka unaanza kuoza kwa sababu watu watasema ana UKIMWI.

Sasa sikilizeni kilichotokea Wales, kule Uingereza. Tarehe 1 Septemba 2013 walianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi, wakaweka mstari: aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 anastahili, aliyezaliwa kabla ya hapo hapati kabisa. Watu waliozaliwa wiki moja kabla na wiki moja baada ya ule mstari ni walewale, wamekula vyakula vilevile, wamesoma shule zilezile, tofauti yao ni chanjo tu. Timu ya Pascal Geldsetzer wa Chuo Kikuu cha Stanford ikapitia kumbukumbu za hospitali za wazee zaidi ya 280,000, na mwezi wa 4 mwaka 2025 wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba kwa miaka 7 waliochanjwa walipata dimenshia pungufu kwa karibu moja ya tano, na wanawake ndo walionufaika zaidi. Moja ya tano! Kwa chanjo ambayo haikutengenezwa hata kwa ajili ya ubongo. Wenyewe bado wanabishana sababu ni nini, wengine wanasema ni kile kirusi kuzuiwa kisiamke, wengine wanasema chanjo inaiamsha kinga yote kwa namna nzuri, na Geldsetzer mwenyewe amesema hadharani anataka lifanyike jaribio kamili ambalo nani apate chanjo na nani asipate inaamuliwa kwa bahati nasibu.

Kwetu chanjo hii haimo kwenye ratiba ya taifa. Na sisemi mkainunue kesho. Ile ya Wales, Zostavax, ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, haimfai mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, na ile mpya, Shingrix, ni dozi mbili na bei yake sio ya mchezo. Ninachosema ni kwamba swali hili linatakiwa kuulizwa hapa, kwa wazee hawa, ambao maisha yao yote wamepigana na malaria, minyoo na kifua kikuu. Kinga yao haijapita njia iliyopita kinga ya mzee wa kule Wales.

3. Wazee wa Kiafrika wanaachwa nje ya tafiti, alafu majibu ya wengine wanaletewa wao.

Mifano ipo na mnaijua kuliko mimi. Dawa ya lecanemab, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ya kuondoa amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer (aina ya dimenshia inayoongoza kwa wingi), ilipitishwa rasmi Marekani mwezi wa 7 mwaka 2023 baada ya jaribio la watu karibu 1,800, ikapunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Watu weusi kwenye lile jaribio walikuwa wachache mno. Jeni ya APOE4 ndo inayotajwa kila mahali kama jeni kubwa ya hatari ya Alzheimer uzeeni, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika nguvu yake imeonekana kuwa ndogo kuliko kwa Wazungu. Na kule Ibadan, Nigeria, utafiti uliowalinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uliochapishwa 2001, ulikuta dimenshia mpya kwa Wayoruba ni asilimia 1.35 kwa mwaka na kwa wale wa Indianapolis ni 3.24. Asili inafanana, maisha tofauti, ugonjwa umezidi zaidi ya mara mbili. Hivi hapo hamuoni kuna kitu kikubwa kinatafutwa na kinaweza kupatikana kwetu?

Mwaka 2025 tena, kwenye jarida la Nature Aging, watafiti wakalinganisha wazee wa Italia na Singapore na jamii mbili zinazoishi maisha ya asili, Watsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Ile hali ya kinga kuwaka taratibu kadiri mtu anavyozeeka, ambayo vitabu vinasema ni ya binadamu wote, kwa Watsimane na Orang Asli haikufuata umri hivyo na wala haikuambatana na magonjwa sugu ya uzeeni. Yaani kitu kilichokuwa kinafundishwa kama ni lazima kumbe kinategemea unaishi wapi na unaishije.

Na nyumbani tumeonyesha tunaweza. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichukua vijana wa kiume 77 wa kaskazini mwa Tanzania, waliozoea chakula cha asili wakapewa cha kizungu wiki 2, waliozoea cha kizungu wakarudishwa kwenye cha asili, ndizi, maharage, mboga zetu, na wengine wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kila siku kwa wiki moja. Ikatoka kwenye jarida la Nature Medicine mwezi wa 4 mwaka 2025: chakula cha kizungu kikapandisha dalili za inflamesheni, yaani ile hali ya kinga kuwaka, kwenye damu na kudhoofisha seli za kinga, cha asili na mbege vikashusha. Nilisoma hiyo habari nikafurahi sana kwa kweli, nikajiuliza itakuwaje kwa mama wa miaka 70 ambaye watoto wamemhamishia mjini, anakula mkate na soda asubuhi na chipsi usiku? Naelewa ukianza unaanza na vijana wenye afya, hilo silaumu. Lakini hatua ya pili lazima iwe kwa wanawake na kwa wazee, na atakaeisukuma hiyo hatua ni nyie mnaogawa fedha.

4. Wazee wanaoishi na VVU wamesahaulika katikati.

Hawa ni kizazi cha kwanza kuzeeka na ARV, hakuna kitabu cha zamani kinachowaeleza. Virusi vimefubazwa, CTC (kliniki za VVU) wanasifiwa, dawa wanameza vizuri, lakini kinga yao imekuwa vitani miaka mingi na tafiti zilizofanyika Kilimanjaro kwa watu wa miaka 50 na kuendelea zimeonyesha matatizo ya kufikiri na kukumbuka ni mengi sana kati yao. Mtu anaesahau, anasahau na dawa. Naomba CTC wawe wanapima kumbukumbu kama wanavyopima uzito, basi.

5. Kipimo tunacho, kimetengenezwa kwetu, na zahanati hazikijui.

Hili nalisema kwa uchungu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walifanya utafiti wa wazee wa miaka 70 na kuendelea, karibu 1,200, wakakuta dimenshia asilimia 6.4. Kutokana na kazi za hukohuko kikatengenezwa kipimo kinaitwa IDEA, kifupi, hakihitaji mtu ajue kusoma wala kuandika, kuna sehemu mzee anapanga vijiti vya kiberiti kufuata mchoro alioonyeshwa. Mhudumu kama mimi anaweza kufundishwa akakitumia barazani kwa mzee. Kimeenda mpaka Nigeria. Mimi hapa nimefundishwa kupima utapiamlo kwa mkanda wa mkono, nimefundishwa kifua kikuu, nimefundishwa mama wajawazito, hiki hakuna aliyenifundisha, nimekisoma mwenyewe.

Na msidhani ni jambo dogo. Mama mtu mzima anatoka usiku anazunguka nyumba za watu, anaongea na marehemu, anamtuhumu mkwe kumuibia, majirani wanasema ni mchawi. Nyie mnajua akina mama wazee waliouawa Shinyanga na Mwanza kwa tuhuma hizo. Karatasi moja ya kipimo na mtu wa kuielezea familia kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo inaweza kumuokoa mtu roho yake.

Sasa najua mtanijibu nini, maana mengine nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema taarifa za washiriki ni siri. Kweli, jina la mtu na majibu yake ni siri kwa watu wengine, sio siri kwa mwenyewe! Na matokeo ya jumla hayana siri yoyote, mnayasoma kwenye makongamano nje ya nchi.

Mtasema sampo zimeenda nje na uchambuzi bado unaendelea. Sampo haitoki nchini bila kibali na mkataba wa kuhamisha sampo, na huo mkataba mmeusaini nyie, kwa hiyo mnajua ziko wapi na zinafanyiwa nini. Kama bado, njooni mseme bado, mzee ataelewa. Asichoelewa ni ukimya.

Mtasema wazee hawataelewa mambo ya seli na jeni. Mimi niliwaelezea wakati wa kuwaomba damu wakaelewa mpaka wakakubali, sasa kwa nini waelewe wakati wa kutoa wasielewe wakati wa kupokea?

Mtasema nchi ni ya vijana, tuna watoto na mama wajawazito wa kuwaangalia kwanza. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7 na wazee wa miaka 60 na kuendelea ni zaidi ya milioni 3, na Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu milioni 57 waliokuwa na dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Alafu anaemuuguza huyo mzee ni nani? Ni binti ameacha biashara, ni mjukuu ameacha shule. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, tuna dirisha la wazee hospitalini, mzee anafika dirishani anapewa kadi bila kulipa, ndani anaambiwa ni uzee tu huo, mrudisheni nyumbani.

Mtasema hela hamna. Nitakubali kwenye chanjo na kwenye mashine kubwa. Kwenye mkutano wa kijiji wa kurudisha majibu sitakubali, kwa sababu hela ya kuja kuchukua damu ilipatikana, na magari mazuri tuliyaona.

Kwa hiyo kwa heshima zote tunaomba haya, mimi na wazee walionituma.

Moja, kila mradi uliowahi kutoa damu au kupima kumbukumbu za wazee vijijini utakiwe kurudisha matokeo ya jumla kwa Kiswahili, kwa mdomo, kijijini, na kamati za maadili zisifunge faili wala kutoa kibali kingine kwa walewale mpaka uongozi wa kijiji uandike kwamba wamerudi. Bajeti ya kurudi iwemo kwenye andiko la mradi tangu siku ya kwanza.

Mbili, mzee atakaekutwa na presha, kisukari au dalili za dimenshia wakati wa utafiti apewe barua ya rufaa siku hiyohiyo, na sisi wahudumu wa jamii tujulishwe kwa ridhaa yake ili tumfuatilie.

Tatu, kipimo cha IDEA kifundishwe kwa wahudumu wa jamii na watumishi wa zahanati na CTC.

Nne, mradi ukiweka kikomo cha umri, kwamba zaidi ya miaka 60 au 65 haruhusiwi, ueleze kwa maandishi sababu ya kitaalamu, na isipokuwepo msiupitishe.

Tano, wataalamu wetu wakae wajadili kama Tanzania inaweza kuingia kwenye jaribio la chanjo ya mkanda wa jeshi na dimenshia, na wakiamua hapana watuambie kwa nini.

Naomba majibu ya hili la kwanza na la pili ndani ya siku 90, mengine najua yanataka vikao. Kijiji chetu mnakijua, namba yangu na jina langu viko kwenye zile barua mlizopokea. Mkija, tupeni taarifa siku tatu kabla ili niwaandae wazee, na mkutano uwe asubuhi, mchana jua kali hawawezi kukaa muda mrefu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
kwa niaba ya wazee walioshiriki utafiti.